MTU HUJIKUNA AJIPATAPO
Somo la kuunda michezo kwa kompyuta ndogo

Mwaka jana chama chetu kiliazimia kuunda mchezo wa kompyuta wa kufunza ngeli. Maneno yaanguke kutoka juu, mchezaji ayadake kwa kapu: "kiti" katika kapu la KI-VI, "mti" katika la U-I. Siku hiyohiyo ubishi ukazuka. "Ati mchezo kwa kikompyuta hiki? Tungoje tupate pesa za ile kubwa!" Kikompyuta chenyewe tulikinunua kwa michango, tena kikiwa kimetumika, na kinatoshea ndani ya mkoba wa vitabu. Lakini tungengoja, wenzetu wa kidato cha nne wangemaliza shule bila kuunda lolote. Wahenga walinena, mtu hujikuna ajipatapo. Basi tukaanza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, ijue mashine yako. Kompyuta kubwa ya michezo huwa na kadi ya michoro ya pekee, yenye kumbukumbu yake. Katika nyingi ya hizi ndogo, uchoraji hufanywa ndani ya kichakataji kilekile, na kumbukumbu moja hutumiwa na programu pamoja na picha. Ni kama watu wawili kula sahani moja. Chetu kina gigabaiti 4, tukaona cha mtema kuni! Gigabaiti 8 ni afadhali, na 16 hazitakubana. Kabla ya kulipa, uliza kama kumbukumbu yaweza kuongezwa. Katika baadhi yake imelehemewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Pili, programu si lazima inunuliwe. Sisi tulitumia Godot, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Ajentina, na ambayo tangu mwaka 2014 ni huria na haina malipo. Ukianza mradi, chagua njia ya uchoraji iliyokusudiwa mashine hafifu.

Tatu, piga hesabu kabla ya kuchora. Ili mchezo uende bila kukwama, skrini huchorwa mara 60 kwa sekunde. Yaani kila mchoro una milisekunde 16 na ushei tu. Mchezo wetu ulikwenda kwa kigugumizi. Kisa? Tulikuwa na picha 40, kila moja ya nukta 2048 kwa 2048. Kila nukta huchukua baiti 4, kwa hivyo picha moja ilikula megabaiti 16, na zote 640. Kumbe kwenye skrini kila picha haikuzidi kiberiti! Tulipozipunguza hadi nukta 512 kwa 512, kila moja ikawa megabaiti 1, zote 40. Kigugumizi kikaisha.

Nne, jihadhari na joto. Kasha dogo hutoa hewa kwa shida, na kichakataji kikipata moto hujipunguzia kasi chenyewe. Alasiri moja tulidhani tumeharibu kazi ya muhula mzima. Kumbe ni kitambaa tulichokifunikia kuzuia vumbi! Weka mashine mahali penye hewa, na uhifadhi kazi mara kwa mara, kwani stima hazibishi hodi zikipotea.

Sisemi kompyuta ndogo inaweza yote. Ukitaka kuunda mji mzima wenye maelfu ya vitu vya pande tatu, itakushinda. Lakini uhaba nao ni mwalimu. Mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, ulikuwa wa kilobaiti 40 tu. Hebu tazama mawingu na vichaka vyake: ni mchoro mmoja, umebadilishwa rangi! Tena mchezo uliozaliwa katika mashine ndogo hufunguka hata kwenye zile kuukuu za maabara yetu. Ndiko wachezaji wetu waliko.

Na je, mnajua kilichotutoa jasho kuliko mashine? Neno "ua". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza alilitia katika kapu la U-ZI, mchezo ukamwambia amekosa, akanyamaza kwa haya. Lakini hakukosa! Aliwaza ua wa nyumba, nyua; sisi tuliwaza ua la bustani, maua. Tukabadilisha programu ili neno liweze kuwa na makapu mawili. Kosa lile lisingeondolewa na kompyuta ya bei yoyote, ila kwa kuijua lugha. Na hiyo, jamani, tunayo bure.

Zoezi
1. Picha ya nukta 1024 kwa 1024, kila nukta baiti 4, huchukua megabaiti ngapi?
2. Taja maneno mengine mawili yanayostahili makapu mawili. Majibu yaletwe chamani. Yatakayofaa yatatiwa katika mchezo.