SOMO JUU YA UFIZI UNAOTOKA DAMU

Soma kwanza: 1 Wakorinto 6:19-20.

Ndugu, ukipiga mswaki asubuhi ukaona damu katika mate, usiseme, "Si kitu." Wala usiseme, kama wengi wasemavyo, "Mswaki unaniumiza, nitauacha." Ufizi wenye afya hautoki damu. Ufizi unaotoka damu una ugonjwa, nao ukiachwa bila kusafishwa utazidi kuumwa.

Ugonjwa huu si mdudu wa jino, wala si uchawi wa jirani. Kila siku ukoga laini hushika meno, nao umejaa vijidudu. Ukiuondoa kwa mswaki, umekwisha. Ukiuacha, mate huugeuza kuwa mgumu kama jiwe kwa siku chache, mfano wa ukoko ulioshika chini ya sufuria. Hapo mswaki hauwezi tena. Jiwe hilo hushuka chini ya ufizi, ufizi huachana na jino, na katikati pana mfuko. Kwa mtu mzima wa afya mfuko huo ni milimita 1 mpaka 3 tu. Kwa mgonjwa hufika 5 au 6, au zaidi, nao hujaa uchafu na usaha. Mfupa unaoshika mizizi ya jino huisha polepole.

Sisi tunaokaa kando ya Mto Kongo tumeona mti wenye majani mabichi ukianguka majini, kwa sababu maji yamekula udongo wa mizizi yake. Ndivyo jino lisilo na tundu hata moja linavyoanguka.

Na ubaya wake ni huu: kwa muda mrefu hauumi. Mtu huja hospitali siku jino linapotikisika, naye anataka ling'olewe tu. Wazee wa Yakusu, chini ya mji wetu, walisikia habari za malale. Dr. Chesterman, aliyefika pale mwaka 1920, hakungoja wagonjwa waletwe wamelala. Watu walipimwa vijijini, hata wale waliojiona wazima. Ufizi nao unataka kutafutwa mapema hivyo.

Basi, munganga wa meno hufanya nini? Kwanza hupima mifuko kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Kisha hupiga sindano ya ganzi, ili usisikie maumivu. Kwa vyombo vilivyosafishwa kwa mvuke hukwaruza jiwe juu ya jino, halafu huingia chini ya ufizi na kukwaruza mzizi mpaka uwe laini. Ni kazi ya subira. Mara nyingi hufanya upande mmoja leo na upande mwingine siku nyingine, kwa hiyo usikasirike ukiambiwa urudi.

Baadaye ufizi utauma siku chache, na maji baridi yatachoma. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Uvimbe ukiisha, meno yataonekana marefu kuliko zamani. Wengine hulalamika hapo, "Munganga ameharibu meno yangu!" Hapana. Ule uvimbe ndio uliokuwa ukificha hasara. Mfupa uliokwisha haurudi kwa kukwaruza, lakini ufizi unaweza kushika jino tena, na jino lililotikisika kidogo mara nyingi hupata nguvu. Lile lililokwisha kulegea kabisa huenda likang'olewa, tusidanganyane.

Wengine huuliza, "Kwa nini nisinunue vidonge sokoni?" Vidonge peke yake haviondoi jiwe, na jiwe likibaki, vijidudu hurudi nyumbani kwao.

Nyumbani piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, polepole, pale jino linapokutana na ufizi. Kama huna mswaki, tafuna ncha ya kijiti kisafi mpaka iwe na nyuzi, usugue nacho, na katikati ya meno pia. Usitumie mchanga. Damu itatoka siku za kwanza, endelea. Kisha rudi upimwe baada ya miezi 3 hivi, hata kama husikii kitu.

Mvuta tumbaku ajihadhari zaidi. Ufizi wake hutoka damu kidogo tu, naye hudhani ni mzima, kumbe mfupa unaisha. Na hata akisafishwa hukawia kupona. Mwenye kisukari naye ufizi wake huharibika upesi, na ufizi mbaya huzidisha sukari katika damu. Mama mwenye mimba hutoka damu kwa urahisi. Anaweza kusafishwa, lakini aseme mapema kwamba ana mimba.

Kabla ya sindano mwambie munganga kama una ugonjwa wa moyo, kama unameza dawa ya kuzuia damu isigande, au kama uliwahi kutoka damu isiyokoma. Usimfiche kwa haya.