Probox kwenye robo maili: nilivyoliandaa gari la kazi kwa mbio za mstari mnyoofu

Mji wa Naivasha uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwa injini isiyo na turbo hiyo ni habari mbaya. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya tano, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. 1NZ-FE ya lita 1.5 iliyo kwenye Probox za kwanza iliandikiwa na Toyota nguvu za farasi 109. Hapa kwetu hesabu inaleta kama 87. Mwenye Probox kama yangu akiwa Mombasa ameshanipita kabla hatujawasha magari.

Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu mbio hizi huuliza swali lile lile: "Niweke nini kwenye injini?" Huwa namjibu asiweke kitu. Farasi 22 zilizoliwa na mwinuko hazirudishwi na filta ya bei ghali wala ekzosi yenye mdomo mpana kama sufuria. Vitu hivyo vikikupa farasi mbili au tatu, shukuru. Muda unaoweza kuupata kwa bei nafuu uko kwenye tairi, kwenye uzito, na kwenye mguu wako wa kushoto.

Kwa wasioujua mchezo: magari mawili yanasimama sambamba, yanaondoka, na la kwanza kufika mita 402, yaani robo maili, limeshinda. Hakuna kona. Ni kinyume kabisa cha mbio tulizozizoea Naivasha. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mtoto wa huku akisikia neno mbio anawaza vumbi la Kedong, Sleeping Warrior na helikopta. Toyota ndizo zilizoshinda rali hiyo kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Langu pia ni Toyota, na undugu wetu unaishia hapo.

Nilichagua Probox kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Baadaye nikagundua kwamba si chaguo baya hata kidogo. Ina gia tano za mkono, uzito wake ni kama tani moja, spea zake zinapatikana kila kona, na hakuna fundi kati ya Gilgil na Mai Mahiu asiyeijua injini hiyo. Vitz, Demio au Fit ya gia za mkono inafuata maelezo haya haya karibu neno kwa neno, maana zote zinavutwa na tairi za mbele.

Kabla ya spana, mahali. Msikimbilie barabara kuu usiku. Najua vijana hukutana, najua lami ya kuelekea Nakuru inavutia saa saba za usiku, lakini gari dhaifu kama langu humaliza robo maili likiwa karibu kilomita 120 kwa saa, juu ya kikomo cha 110 ambacho ndicho cha juu kabisa nchini. Barabara hiyo ina malori yasiyo na taa za nyuma, ina punda, ina matuta. Karai iko hapo hapo, ambako mwezi Desemba 2016 lori lenye shehena inayowaka haraka lilishika moto na kuua watu wapatao 40. Isitoshe, kushindana kwenye barabara ya umma bila kibali ni kosa kisheria. Tafuta klabu iliyo chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF, uulize kalenda ya mwaka na leseni ya mshiriki. Siku ya mbio za mstari ikikosekana, kuna autocross, na kuna mbio za kushindana na saa kwenye lami iliyofungwa kama zile za Kiambu Ring. Mazoezi utakayofanya yanafaa kotekote. Na usome karatasi ya bima yako: nyingi zina kifungu kinachosema wazi kwamba mbio na majaribio ya kasi hazilipiwi.

Sasa gari. Nilipompelekea fundi wangu, mzee mmoja mwenye gereji ya jua kali mjini, nilimwambia, "Mzee, nataka liende mbio." Akainama akatazama gurudumu la mbele. "Kijana, kwanza nionyeshe linavyosimama." Tukaanza na breki: pedi mpya mbele, ngoma za nyuma zikafunguliwa na kusafishwa, mafuta ya breki yakabadilishwa yote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka, na yakichemka chini ya mguu wako pedali inazama hadi sakafuni. Hili si jambo la magari madogo tu. Kule Marekani, mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki kwa ajali mwishoni mwa njia huko Englishtown, chama cha NHRA kilipunguza umbali wa magari yake makali zaidi kutoka mita 402 hadi 305 ili kuwe na nafasi zaidi ya kusimama. Kwa hiyo ukifika mahali pa mbio, kabla hujaangalia mstari wa kuanzia, nenda kwa miguu hadi mwisho. Tazama lami inaishia wapi, kuna mtaro, kuna ua wa waya, kuna ng'ombe. Ukiona nafasi ya kusimama ni fupi kuliko ya kukimbia, rudi nyumbani. Mimi nimewahi kulipa kiingilio na nikaondoka bila kukimbia, na hela yangu sikuidai.

Baada ya breki, uzito. Hapa Probox inakulipa vizuri kwa sababu imejaa vitu ambavyo huvihitaji kwa nusu dakika. Keria ya juu iteremke: ina uzito, na pia inakamata upepo mwendo ukishapita 80. Tairi ya spea, jeki, kiti cha nyuma, mazulia, kamba, ile mitungi na vyuma vilivyosahaulika chini ya buti. Tangi lenye robo badala ya kujaa linakuondolea kilo kama 28, kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, na tangi ni la lita 50. Kwa gari la uzito huu na nguvu hizi, kilo 50 zikitoka, unapata karibu robo sekunde. Hakuna ekzosi Naivasha nzima inayouza robo sekunde kwa bei ya kufungua bolti nne. Usiguse mikanda, usiguse mifuko ya hewa, na usitoe kiti cha abiria cha mbele: uzito ulio mbele unakandamiza tairi zinazovuta.

Na hilo ndilo fumbo la magari haya. Gari likiondoka kwa nguvu, pua inainuka na uzito unakimbilia nyuma. Kwenye gari linalosukumwa na tairi za nyuma hiyo ni neema. Kwetu sisi ni hasara, kwa maana tairi za mbele zinapunguziwa mzigo wakati ule ule zinapoombwa kushika lami. Ndiyo sababu kutoa vitu vya nyuma kunasaidia mara mbili. Na ndiyo sababu pesa yangu ya kwanza kubwa ilikwenda kwenye tairi mbili za mbele. Probox nyingi za huku zimevaa tairi za mzigo, ngumu, zilizotengenezwa kubeba viazi vya Kinangop bila kulalamika. Zinadumu, lakini hazishiki. Nilitafuta tairi laini za gari dogo, mpya, zenye tarehe ya karibuni ubavuni. Tarakimu nne zile zinakuambia wiki na mwaka zilipotengenezwa, na muuzaji asiyetaka uziangalie umeshamjua.

Upepo wa tairi niliujaribu sana. Kwa matumizi ya kila siku naweka 32 pande zote. Siku ya mbio naweka 28 mbele, 38 nyuma. Mbele zikilegea kidogo zinakanyaga lami kwa upana zaidi, na nyuma zikikaza zinaviringika kwa wepesi. Usishuke chini ya 26 kwa tairi za barabarani, kwa sababu ukikaribia kilomita 120 ubavu unaanza kuyumba na usukani unakuwa mlegevu. Mahali pengine waandaaji humwaga maji kabla ya mstari ili wenye tairi maalumu wazizungushe na kuzipasha moto. Wewe pita pembeni. Tairi zako zina mifereji, zitabeba maji hayo hadi mstarini na utaondoka kama uko kwenye sabuni.

Injini, basi, kwa ufupi kama inavyostahili. Plagi mpya, mafuta mapya, na filta ya hewa ya kawaida iliyo safi. Vumbi letu la volkano ni laini kama unga, linaziba filta haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na ukiishi upande wa Maella au Kongoni unalijua. Ifungue uitazame juani. Niliwahi kulipima gari kabla na baada ya kubadilisha filta iliyokuwa kahawia, na tofauti ilizidi ya kifaa chochote nilichotangaziwa. Petroli ya kawaida inatosha. Kwenye mwinuko huu mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo, kwa hiyo mafuta ya okteni kubwa hayana cha kukuzidishia kwenye 1NZ.

Kuondoka ndiko kunakotaka mazoezi, na mazoezi yanakula klachi, ujue mapema. Mimi nashikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, naachia klachi hadi inapoanza kushika, halafu naitelezesha kidogo huku naongeza mafuta. Ukiachia ghafla, mojawapo ya mambo mawili: tairi zinazunguka bure huku watu wanashangilia na gari halisogei, au injini inazama na unasubiri ipumue. Sikiliza. Tairi ikinung'unika kwa sauti ya chini, iko sawa. Ikipiga kelele, punguza mguu nusu, usiutoe wote. Baada ya hapo ni gia tu. Injini hii ina nguvu zake za juu karibu na mizunguko 6,000, kwa hiyo nabadilisha kupita hapo kidogo, kutoka ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu, na ya tatu inanifikisha mwisho. Usilazimishe gia. Sekunde utakayookoa ni ndogo kuliko bei ya sanduku la gia.

Penye mitambo ya kupima kuna miale miwili ya mwanga mstarini. Ingiza tairi polepole hadi taa ya pili iwake, na usisogee tena hata kidole. Saa yako haianzi taa ya kijani inapowaka, inaanza tairi yako inapoutoka mwale. Yaani unaweza kulala mstarini sekunde nzima na karatasi ikaonyesha muda mzuri, ilhali mwenzako keshafika. Ukisimama mwanzoni kabisa mwa mwale, gari linapata kama sentimita 30 za kujiendea kabla saa haijaanza. Pasipo mitambo, tumia kifaa cha GPS kinachosoma mara kumi kwa sekunde. Simu nyingi husoma mara moja tu kwa sekunde, na kwenye mchezo unaoamuliwa kwa sehemu za sekunde hiyo ni ramli.

Muda wangu? Sekunde 18 na ushei. Cheka. Lakini kuna mtindo wa mashindano ambao ndio ninaoupenda, na klabu yoyote inaweza kuuandaa bila gharama. Kila dereva anaandika kwenye kioo, kwa ile rangi nyeupe ya viatu, muda anaotarajia kupata. Mimi naandika 18.60, jamaa wa Subaru yenye turbo anaandika 14.20, na taa yangu inawaka sekunde 4.40 kabla ya yake. Atakayekimbia kwa kasi zaidi ya alichoandika ameshindwa, kwa hiyo huwezi kudanganya. Hapo nguvu si hoja. Hoja ni nani analijua gari lake. Mwenye turbo ana joto la injini, ana presha, ana magurudumu manne ya kuhangaika nayo. Mimi nina gari linalofanya kitu kile kile kila mara, na nimewaondoa watu wenye magari ya bei mara tano ya langu.

Ili ufike hapo unahitaji daftari. Kila mbio andika saa, joto la hewa, upepo unavuma kutoka wapi, presha ya tairi, mafuta kwenye tangi. Asubuhi ya Naivasha ikiwa na nyuzi 10 na mchana ukafika 25, hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 5, na Probox inayahisi hayo. Alasiri upepo wa ziwani ukianza, muda wa asubuhi haukusaidii tena. Hapo naongeza sehemu za sekunde kwenye kioo.

Kofia ivae hata kama waandaaji hawajali. Ya pikipiki ni bora kuliko kichwa kitupu, ila ya magari ina kitambaa cha ndani kisichoshika moto kirahisi. Kizima moto kikazwe mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda. Ukimaliza, jaza upepo kabla ya kuingia barabarani na ukaze nati za magurudumu tena.

Turbo za kuunganishwa kwenye 1NZ zipo, na kwenye mwinuko huu zinajaribu sana, kwa kuwa turbo inarudisha hewa tuliyonyimwa. Ukishaiweka unataka klachi nyingine, mafuta yapimwe upya, upozaji, pengine pistoni. Mimi nimeweka akiba ya klachi ya kawaida, na tairi nyingine mbili za mbele.