Kuwalisha Ndege Dirishani: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Machakos

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani ambaye riziki yake imempeleka Machakos, ametuletea suala katika darasa. Akaa ghorofa ya tatu, dirisha lake laelekea vilima vya Iveti, na hana kiwanja wala mti wake mwenyewe. Apenda kuwawekea chakula ndege wa mwituni dirishani, na majirani wamemkataza. Mmoja amemwambia ni israfu kumwaga nafaka katika nchi yenye njaa. Mwengine amemwambia kwamba ndege agongaye dirisha huleta habari ya msiba. Auliza: je, jambo hili lafaa? Na likifaa, hufanywaje?

Twaanza na la israfu, kwani ndilo jepesi. Hadithi ya mwenye kupanda mche, kisha ndege wakala matunda yake naye akaandikiwa sadaka, yajulikana hata na watoto wa chuoni. Na waliotutangulia hawakuliacha jambo hili porini tu. Mahujaji wote wamewaona njiwa wa Makka, ambao hawawindwi, na watu huwamwagia nafaka. Huko Istanbul, upande wa Üsküdar, uko msikiti wa Ayazma uliomalizwa mwaka 1761, na juu kabisa katika kuta zake mafundi walichonga vijumba vya ndege kwa mawe, vyenye mapaa na madirisha kama majumba ya wakubwa, mahali ambapo paka hafiki. Basi ukufi mmoja wa uwele kwa siku hauwanyimi uji watu wa nyumba. Israfu ni kurundika nafaka mpaka ikaoza au ikaliwa na panya usiku.

Lakini katika suala lake ndugu yetu ametaja jambo moja kama kwamba ni dogo, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Asema anayo mahindi yaliyopata ukungu, ambayo hawezi kuyala, na kwa hiyo aona vyema kuwapa ndege. La, asifanye hivyo. Mwaka 2004, katika Machakos hiyo hiyo, na Makueni na Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yakaota ukungu wenye sumu, iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haitoki kwa kuoshwa, wala haimalizwi na moto wa jikoni. Na asidhani kwamba ndege wamesalimika nayo, kwani wataalamu waliijua sumu hii kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na ilipochunguzwa ikaonekana wamelishwa karanga zenye ukungu. Mtu akitoa kile ambacho mwenyewe akikwepa kisimuue, ataiitaje sadaka? Mahindi hayo ayafukie mbali na watu na mifugo.

Na atoe nini? Kabla ya chakula chochote, maji. Machakos ni nchi iliyoinuka, yapata mita 1,600 juu ya bahari, na mvua zake huja mara mbili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba. Baina ya Juni na mwanzo wa Oktoba nchi hukauka, na ndege mdogo hutafuta maji kuliko atafutavyo nafaka. Bakuli pana la udongo lenye maji ya kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kusimamia, litamletea wageni wengi kuliko gunia la mtama. Maji yabadilishwe kila siku.

Kisha nafaka ndogo ndogo: uwele, wimbi na mtama, navyo vyote vyauzwa katika soko la Machakos. Hizo zitawaleta shomoro kwanza, maana hao hawana haya. Kisha tetere, na minana wa manjano wasukao matundu yao yakining'inia, na vijindege vya buluu ambavyo madume yake yana shavu jekundu. Kipande cha papai au ndizi mbivu kitamleta shore, na kuzumburu mwenye mkia mrefu kama wa panya, na pengine kwezi mwenye tumbo la rangi ya kutu. Mkate haufai, kwa kuwa humshibisha ndege bila ya kumlisha; na wali wenye chumvi ni mbaya zaidi, kwani mwili mdogo hauwezi kuihimili chumvi. Amma chozi, yule mwenye mdomo mwembamba uliopinda, yeye hufuata maua. Watu humpa maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, lakini maji hayo huchacha upesi katika jua. Sisi twaona ni bora ndugu yetu apande mshubiri katika chungu, auweke dirishani, na maua yake yatamwita chozi pasipo kazi ya kila siku.

Chombo chenyewe kiwe ubao wa futi moja au sinia ya bati, itobolewe matundu ya kutolea maji ya mvua, na ifungwe kwa waya madhubuti katika vyuma vya dirisha. Madhubuti, twasema tena, kwani chini ya ghorofa ya tatu hupita vichwa vya watu. Aweke nafaka alfajiri, aondoe mabaki kabla ya magharibi, na kila wiki aisugue sinia kwa maji ya moto na sabuni na kuianika juani. Pahali wanapokusanyika ndege wengi ndipo maradhi yanapopita kutoka mdomo hadi mdomo. Akiona ndege aliyejikunyata, manyoya yamemsimama na hakimbii, basi aondoe chakula kwa majuma mawili ili watawanyike. Siku za mwanzo hatakuja yeyote, asivunjike moyo.

Sasa tuje kwa yule jirani wa msiba. Itikadi hii ni kongwe kuliko Uislamu, na Waarabu wa Jahiliya waliiita tiyara, neno litokalo katika jina la ndege, kwa sababu walikuwa wakiwarusha ndege na kuzitazama njia zao kabla ya safari. Dini ilikuja ikaifuta, na huku kwetu bado twaitetemekea sauti ya bundi. Ndege agongaye kioo ana sababu mbili zijulikanazo. Ama ni dume lililoona sura yake kiooni likadhani ni dume mwengine aliyekuja kulinyang'anya makao, nalo hupigana nayo hata kwa siku nyingi. Ama ni ndege aliyeona mbingu na miti katika kioo akadhani ni njia. Huyu wa pili mara nyingi hufa, na hapo msiba ni wake, wala si wa mwenye nyumba. Dawa ni kukipaka kioo sabuni au chokaa upande wa nje, kwa mistari iliyoachana kadiri ya sentimita 5, na kuiweka sinia karibu kabisa na kioo, isizidi mita moja, ili ndege arukapo asiwe na mwendo wa kumuumiza.

Ya jirani wa ghorofa ya chini ni mazito zaidi, ijapokuwa hakuulizia. Kumvi za nafaka na mavi ya ndege huanguka, na huko chini nguo zimeanikwa. Haki ya jirani haiondoki kwa kuwa wewe wawafanyia ndege wema. Chini ya sinia ya kwanza afunge ya pili iliyo pana zaidi, ayapokee yaangukayo. Na lililo bora ni kwenda kubisha hodi kwa jirani kabla ya kuanza. Jirani akikataa, atosheke na bakuli la maji na mshubiri, ambavyo havidondoshi kitu.

Nanyi msomao haya mlioko Mombasa, Malindi na Zanzibar, msifanye kama ya Machakos kabla ya kuangalia nje. Kwenu yuko kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, ikatarajiwa kwamba atasafisha taka, naye akafika Mombasa mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kumwangamiza. Atakayeweka wali, samaki au mkate dirishani huko, atakuwa amemlisha huyo. Aifunike sinia kwa kizimba cha waya chenye matundu ya kadiri ya sentimita 4, shomoro na minana wapite, kunguru abaki nje. Na ndoo ya taka iwe na kifuniko, kwa maana hiyo ndiyo sinia yake kunguru.

Mwisho ndugu yetu ameuliza: akirudi Pwani kwa likizo ya mwezi, je, ndege watakufa njaa? Hawatakufa, kwani walikuwa wakijitafutia kabla ya dirisha lake. Aishushe sinia, aioshe, aikaushe, aiweke ndani; na bakuli la maji amwachie jirani, iwapo yuko radhi.