Je, Saa ya Swichi Yako Inasema Kweli?

Tuseme mteja amefika kaunta. Anadai alilipa saa tisa na dakika kumi mchana, ujumbe wa malipo anao kwa simu, lakini mashine yako ya mauzo haionyeshi kitu. Unamwita fundi akague kumbukumbu za swichi aone kama mtandao ulikatika. Anakuta swichi inasema ni mwaka 1993. Utathibitisha nini hapo?

Swichi ni kile kisanduku kinachounganisha mashine za mauzo, kompyuta na kamera za duka. Saa yake ikikosea, malipo kwa kawaida yataendelea kupita. Kinachoharibika ni ushahidi. Baadhi ya swichi hazina betri ya kutunza saa, kwa hivyo stima ikipotea zinaanza upya na tarehe ya kiwandani. Kwa swichi nyingi za Cisco, hiyo ni tarehe 1 Machi 1993.

Dawa yake ni NTP, utaratibu unaoiwezesha swichi kuuliza saa kwa seva ya wakati. Lakini kuiweka haitoshi. Lazima uhakikishe inafanya kazi. Kwa swichi ya Cisco, mwambie fundi wako afuate hatua hizi:

1. Aandike show clock. Nyota mbele ya saa inamaanisha swichi yenyewe haiamini saa hiyo. Nukta inamaanisha saa iliwahi kuwekwa sawa, ila kwa sasa haijalingana na seva.

2. Aandike show ntp status. Mnatafuta neno "synchronized". Mkiona "unsynchronized" na stratum 16, bado.

3. Aandike show ntp associations. Seva inayofuatwa huwa na nyota. Hapa nyota ni habari njema! Chini ya "reach", 377 inaonyesha seva imejibu mara nane zote za mwisho. Ikiwa 0, hakuna jibu lililofika: kagua anwani ya seva, na kama ukuta wa usalama umefunga UDP 123.

4. Linganisha na simu yako. Kama swichi iko nyuma kwa saa tatu kamili, usihangaike na seva. Inaonyesha saa ya UTC, na Kenya tuko saa tatu mbele. Malipo ya 15:10 utayatafuta kwenye 12:10. Fundi akiweka clock timezone EAT 3, show clock itaonyesha saa ya Kenya.

Swichi ikiwashwa upya, ipe dakika kadhaa kabla ya kuihukumu. Rudia ukaguzi kila mwezi, na kila baada ya stima kupotea.

Ukituletea malalamiko ya malipo, tupe nambari ya muamala na saa kamili ya tukio. Saa zikilingana, tunajua haraka kama shida iko kwetu, kwa mtandao au dukani. Lakini PIN yako na nywila ya swichi usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.