Mteja wa Kwanza Hana Mkosi

Somo la wiki
Andiko la kusoma: Matendo ya Mitume 28:1-10



Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu mambo madogo ambayo wengi wetu tunayaamini bila hata kujua kwamba tunayaamini. Kiganja kikiwasha, pesa zinakuja. Ukijikwaa asubuhi ukitoka kwako, safari hiyo si nzuri. Bundi akilia juu ya paa, kuna mtu ataenda. Usipige mluzi usiku, unaita nyoka. Usifagie nyumba usiku, unafagia bahati yako nje. Ukimuuliza mtu, "Ni nani alikwambia?" anakujibu, "Ndivyo huwa." Hakuna anayejua ilianzia wapi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuipuuza.

Usiseme hayo ni mambo ya wazee wa mashambani. Kuna kijana wa mjini anayevaa jezi ile ile kila timu yake ikicheza, haifui, ati wasije wakapoteza. Na kuna mtu ameokoka, anaimba kwaya, lakini akitumiwa ule ujumbe wa WhatsApp unaosema utume kwa watu 10 kabla ya usiku wa manane la sivyo baya litakupata, anautuma. Ukimuuliza anasema, "Si kwamba naamini, ni kwa usalama tu." Mpendwa, usalama kutoka kwa nani?

NYOKA MMOJA, HUKUMU MBILI

Tuingie kwenye andiko letu. Paulo na wenzake wamevunjikiwa na meli na sasa wako kisiwa cha Malta. Mvua inanyesha na kuna baridi. Wenyeji, watu wakarimu, wanawawashia moto. Paulo anakusanya kuni, anaziweka motoni, na nyoka anatoka na kumshika mkono.

Wale wenyeji wanaangaliana. Kwao jibu ni rahisi: huyu lazima ameua mtu, bahari imemkosa lakini haki haijamwachilia. Wanakaa wakingoja avimbe au aanguke. Wanangoja, wanangoja, hakuna kitu. Basi wanabadilisha maneno: kumbe huyu ni mungu!

Angalia vizuri hapo. Nyoka ni yule yule na mtu ni yule yule. Kwa muda mfupi ametoka kuwa muuaji akawa mungu, na mara zote mbili wamekosea. Jambo ambalo hawakulifikiria ni lile Luka analitaja waziwazi katika mstari wa 3: nyoka alitoka kwa sababu ya joto. Alikuwa amejificha ndani ya kuni, moto ukamchoma, akatoka. Basi.

Biblia haioni aibu kutoa sababu ya kawaida. Na hii ni sura yenye miujiza, maana ukifika mstari wa 8 Paulo anamwombea baba yake Publio aliyekuwa na homa na kuhara damu, naye anapona. Luka anajua kutofautisha. Uponyaji ule aliuona kuwa kazi ya Mungu. Yule nyoka alikuwa nyoka aliyeunguzwa na moto. Mkristo aliyekomaa anaweza kuamini yote mawili bila kuyachanganya.

KWA NINI TUNAAMINI?

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na huko tulizoeshwa kuuliza kila wakati: hii hesabu imetoka wapi? Hebu tuulize hapa pia.

1. Hofu ya kitu kisicho mikononi mwetu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mtafiti Bronislaw Malinowski aliishi na watu wa visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea. Wavuvi wa huko walivua kwa namna mbili. Kwenye maji tulivu ya ndani, mahali samaki walipatikana bila hatari, hawakuhangaika na uganga. Lakini walipokwenda bahari kuu, kwenye hatari na mahali ambapo huna hakika ya kupata kitu, uganga ulikuwa mwingi. Walikuwa watu wale wale wenye akili ile ile. Kilichobadilika ni wasiwasi.

Ndiyo maana mwenye mshahara hajali ni nani amemsalimia kwanza asubuhi, lakini mama mboga anajali sana. Mama mboga si mjinga. Anadaiwa kodi ya nyumba, karo, na mchango wa chama, na hajui kama leo atauza. Moyo ulio na hofu hutafuta kitu cha kushika, hata kama ni kamba iliyooza.

2. Akili huunganisha mambo yanayofuatana. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliandika kuhusu njiwa 8 wenye njaa aliowaweka kwenye vizimba. Chakula kililetwa baada ya muda fulani, haijalishi njiwa alifanya nini. Lakini njiwa 6 kati ya hao 8 walianza kuwa na desturi zao. Mmoja alizunguka-zunguka, mwingine alisukuma kichwa kwenye kona ya juu ya kizimba. Ni kama kila mmoja aliamini ni yeye aliyeleta chakula, kwa sababu kilikuja alipokuwa akifanya hivyo. Sasa rudi kwa yule kijana na jezi yake isiyofuliwa.

3. Tunakumbuka upande mmoja. Bundi hulia usiku mwingi, na usiku mwingi hakuna anayekufa. Hizo siku hatuzihesabu. Tena, ni nani humsikia bundi? Ni nyumba yenye mgonjwa, kwa sababu huko watu wako macho. Kwa jirani bundi alilia pia, ila wao walikuwa wamelala. Bundi mwenyewe alikuwa anatafuta panya.

4. Miiko mingine huenda ilianza kama busara. Ukifagia usiku kwa mwanga wa koroboi, ni rahisi kutupa shilingi au pete bila kuiona. Na mwenye kibanda akikataa kukopesha kabla hajauza kitu, hapo ana akili: hana pesa mkononi, hana chenji, atawezaje kuanza siku na deni? Hiyo ni kanuni nzuri ya biashara. Shida inaanza kanuni inapogeuka kuwa laana. "Usinikope kabla sijauza" inakuwa "wewe ukinifungulia, siuzi." Hapo tumetoka kwa pesa, tumeingia kwa mtu.

BEI ANALIPA MWINGINE

Wengi husema imani hizi hazidhuru mtu. Hapo ndipo nataka tutulie.

Kuna dada mmoja wa ushirika, na ameniruhusu nieleze. Anauza mboga sokoni. Kuna shosho mmoja hufika pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi kununua sukuma wiki ya shilingi 20. Anakuja mapema kwa sababu mguu unamuuma, na jua likipanda hawezi kutembea. Wauzaji walikuwa wamesemezana kwamba shosho huyo ana mkono mzito, akikufungulia siku imeisha. Basi akipita, huyu anajifanya anapanga nyanya, yule anasema bado hajatoa bidhaa. Shosho anapita vibanda vinne na shilingi 20 yake mkononi.

Dada aliniambia, "Pastor, mimi simchukii. Lakini siku yeye hunifungulia, kweli siuzi."

Sikumhubiria. Nilimwomba anunue daftari. Kila siku aandike mambo matatu: ni nani aliyenunua kwanza, hali ilikuwaje siku hiyo, na jioni ameuza pesa ngapi. Nikamwomba amuuzie shosho akija.

Sababu ya daftari ni hii. Tuseme katika siku 24 shosho amekufungulia siku 8, na katika hizo, siku 4 biashara imekuwa mbaya. Utasema, "Si nilisema?" Ngoja kwanza. Angalia zile siku 16 ambazo hakuja. Kama 8 kati yake pia zilikuwa mbaya, basi kwa shosho ni nusu, na bila shosho ni nusu. Hana lolote alilobadilisha. Lakini moyo hukumbuka zile siku 4 tu, na kwa hizo humhukumu mtu.

Mwezi ulipoisha, dada alileta daftari. Siku zake mbaya zilikuwa za mvua, na zile za katikati ya mwezi wateja wakingoja mshahara. Shosho alikuwa amemfungulia siku mbaya na siku nzuri pia. Hakuruka-ruka kwa furaha. Aliniambia bado moyo humshtuka kidogo akimwona anakuja. Lakini anamuuzia, na sasa amemwekea kiti.

Mnaweza kusema hiyo ni sukuma wiki ya shilingi 20 tu. Wapendwa, barabara ni ile ile, tofauti ni umbali ambao mtu ameenda. Anayeanza kwa kusema "huyu ana mkosi" anaweza kufika kwa "huyu ndiye amemroga mtoto." Mwezi Mei mwaka 2008, huko Kisii, watu 11 waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi, wengi wao wazee. Kilifi wazee wameuawa na wengine kufukuzwa makwao, mara nyingine kukiwa na ugomvi wa shamba nyuma yake, hata mahali kama Kaya Godoma, Ganze, pakawa kimbilio lao. Sitaji sehemu hizi ili tunyoosheane vidole. Kila jamii ina shosho wake ambaye watu humkwepa.

Yesu aliletewa habari kama hizi. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na anakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Hakuruhusu watu watumie msiba kumtafutia mtu hatia.

"LAKINI PASTOR, UCHAWI UPO"

Najua kuna anayesoma akisema, "Pastor, kwani hauamini kuna nguvu za giza?" Naamini. Sisi ni Wapentekoste, tunajua kuna adui na tunaomba juu yake. Lakini Biblia inayotuambia kuna adui inatuambia pia, katika Wakolosai 2:15, kwamba Kristo alimshinda hadharani msalabani. Mtu anayeogopa bundi, mluzi na mteja wa kwanza anampa adui heshima ambayo Kristo alishamnyang'anya. Tena Waefeso 6:12 inasema vita vyetu si juu ya watu. Ukimaliza kuomba na adui uliyebaki naye ni shosho wa jirani, hapo umekosea adui.

Na tujichunguze ndani ya nyumba ya Bwana. Katika 1 Samweli 4, Waisraeli walipigwa vitani, wakalileta Sanduku la Agano kambini wakidhani hilo litawaokoa. Hawakutubu, hawakumuuliza Bwana. Walilibeba kama hirizi. Siku hiyo askari 30,000 walianguka, na Sanduku lenyewe likatekwa. Na yule nyoka wa shaba ambaye Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze, baadaye watu walimfukizia uvumba, mpaka Hezekia akamvunja (2 Wafalme 18:4). Kitu kitakatifu kinaweza kugeuzwa hirizi. Biblia inayowekwa chini ya mto na haisomwi, stika ya kanisa kwenye gari linaloendeshwa ovyo, chupa ya mafuta dukani na mizani imechezewa: tuangalie tusije tukawa tumebadilisha hirizi tu, hofu ikabaki ile ile.

TUFANYE NINI WIKI HII

Chagua jambo moja unaloliogopa, uliandike kwenye daftari kwa siku 30. Andika siku linapotimia na siku lisipotimia. Ujumbe wa kutisha ukija kwa simu, uishie kwako. Kama kuna mtu umekuwa ukimkwepa kwa sababu ya maneno ya watu, msalimie kwa jina lake, na kama unauza, muuzie. Na ile hofu iliyo chini ya yote, ya karo, kodi na kesho, ilete kwa Mungu na uilete pia kwa ushirika wako wa nyumbani, maana mengine hayahitaji kukemewa, yanahitaji ndugu wawili watatu wachange.

Kumbuka alichofanya Paulo. Alimkung'uta nyoka motoni, hakubishana na wale waliomwita muuaji, kisha akaenda kuwaombea wagonjwa wao.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni mwiko gani ulifundishwa ukiwa mtoto ambao bado unaufuata? Unadhani ulianza kwa busara gani?
2. Soma Luka 13:1-5. Ni wakati gani tumetumia shida ya mtu kumhukumu?
3. Ni nani mtaani kwetu anayekwepwa? Kikundi chetu kitamfanyia nini mwezi huu?

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa kuwa siku zetu ziko mikononi mwako, si mikononi mwa ndege wala mteja wa kwanza. Tuondolee hofu inayotufanya tuwaumize wenzetu. Tupe macho ya kuona ukweli, na mioyo ya kumpokea yule ambaye wengine wamemkataa. Katika jina la Yesu, Amina.