Utitiri wekundu kwenye matango

Swali: Nalima matango kwenye kitalu nyumba. Napuliza dawa kila wiki, lakini utitiri wekundu hurudi. Je, wadudu wawindaji watanisaidia?

Jibu: Watakusaidia, ila acha kwanza kupuliza. Dawa za jamii ya pairethroidi hukaa kwenye majani wiki nyingi na kuua hata mlinzi unayemleta. Agiza Phytoseiulus persimilis, naye ni utitiri mwenye miguu minane anayewinda utitiri wekundu tu. Mmoja huweza kula mayai 20 kwa siku. Waachie mapema, mara uonapo vidoa vya njano, hasa paliposhambuliwa. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60, mayai yao hayaanguliwi vizuri, kwa hiyo mwagia maji njia za kitaluni. Ingekuwa nyanya ningesita: vinyweleo vyake vinavyonata huwakwamisha.