FAHAMU HAKI YAKO: Ukiumia, hesabu miezi 12

Mama mboga anatoka sokoni jioni. Mtaro hauna kifuniko na taa ya barabara haiwaki. Anatumbukia na kuvunjika mguu. Je, anaweza kuidai serikali ya kaunti fidia?

Ndiyo. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la masoko, barabara za kaunti na taa zake. Hata hivyo, kuumia pekee hakutoshi. Sharti mdai athibitishe uzembe, kwa mfano kwamba mtaro uliripotiwa lakini haukufunikwa.

Afanye hivi:

1. Atibiwe, kisha ahifadhi ripoti ya daktari na risiti zote.
2. Apige picha kabla mahali hapo hapajarekebishwa, na achukue nambari za simu za mashahidi.
3. Aulize barabara ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa husimamiwa na KeNHA, si kaunti.
4. Aiandikie kaunti barua ya madai na abaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Wengi hukwama kwenye muda. Kesi ya majeraha dhidi ya mtu binafsi au kampuni ina miaka 3. Dhidi ya serikali, ni miezi 12 tangu siku ya kuumia, na kusubiri jibu la barua hakusimamishi hesabu hiyo. Jibu likichelewa, aende mahakamani mapema. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya majeraha yasiyozidi shilingi milioni 1.